Kila Kipande Kina Sabini na Moja

Lozells, Birmingham
9 Februari 2025

Mwadime, Mtaita wangu,

Kabla hujafa naomba ukumbuke kwamba rafiki yako ndiye aliyemwangusha simba wa Maktau kwa risasi moja, mwaka wa sitini na nne, amesimama juu ya toroli la reli, upepo ukimchezea ndevu, na Voi nzima ikatoka kumshangilia.

Haya, najua unacheka. Hakukuwa na simba. Alikuwa mbuzi wa mama mmoja, na aliyemuua ni gari moshi la mizigo. Mimi nilimwokota tu. Ndevu zenyewe hazikuwa zimeota vizuri. Lakini leo natamani ningekuwa nimeua simba kweli, maana mtu aliyeua simba hatetemeki kwa sababu ya kipande cha chuma ndani ya gunia.

Kaka yangu Gurnam alitutoka mwezi wa kumi na moja, hilo unalijua. Wiki iliyopita nikapanda darini kutazama alichoacha. Nyuma ya tangi la maji nikakuta kitu kirefu kimeviringishwa gunia la kahawa. Nikadhani ni fimbo zake za gofu, maana marehemu alikuwa na mambo ya Kizungu. Nikafungua. Ni bunduki, Mwadime. Ile ya Mjerumani, iliyokuwa kwenye paa la karakana ya reli, ambayo babu yangu alitukataza hata kuitaja. Tulipohamia huku mwaka wa sitini na nane nilijua tumeiacha hukohuko. Kumbe Gurnam aliivusha ndani ya godoro la mama yetu, na mama alilalamika mgongo safari nzima, sisi tukimwambia ni uzee.

Sasa sikia kinachoninyima usingizi. Huku bunduki bila kibali ni jela. Jela yangu mimi si kitu, watanipa chai na blanketi. Lakini naishi na mjukuu wangu, Jaspreet. Anamaliza mafunzo ya ualimu, na shule moja imeahidi kumwajiri mwezi wa tisa wakishamchunguza. Nani atampa watoto mwalimu aliyetoka nyumba yenye bunduki darini? Na wenye nyumba wametuletea habari kwamba mafundi wanakuja baada ya Pasaka kubadilisha paa. Watapanda palepale penye tangi.

Nimemwuliza mtu kijuujuu, nikisingizia ni mambo ya sinema. Anasema sheria ya huku ina huruma kwa bunduki kuukuu kabisa, zile ambazo risasi zake hazitengenezwi tena. Hizo unaweza kuzitundika ukutani kama pambo. Zilizofuata, hapana. Basi hii ni ipi? Wewe ulitunza bunduki za idara ya wanyama pale Tsavo mpaka ukastaafu. Nifundishe.

Usinipigie simu. Jaspreet ndiye anayeishika simu yangu, na watu wanasema siku hizi simu zina masikio. Kiswahili anakielewa, ingawa hujibu kwa Kiingereza. Barua hawezi kuisoma bila kutoka jasho. Andika.

Wako, mwenye dari,
Inderpal


Voi
1 Machi 2025

Kalasinga,

Salamu, na pole tena kwa Gurnam. Barua yako niliisoma nikaenda kufunga mlango, halafu nikakumbuka bunduki iko kwako, si kwangu. Nikaufungua.

Soma polepole, usirukeruke kama ulivyofanya shuleni mpaka wakakuacha darasa la sita.

Walikuwa ndugu wawili wa ukoo wa Mauser, watoto wa fundi bunduki, Ujerumani. Mwaka wa 1871 serikali yao ilikubali bunduki waliyoibuni. Ilikuwa ya komeo: unainua mkono wa komeo, unavuta nyuma, unatia risasi moja kwa vidole, unasukuma, unafunga, kama mtu anayefunga mlango wa choo. Risasi moja tu, nene, ya baruti yenye moshi mweusi. Mwaka wa themanini na nne wakaiongezea bomba chini ya mtutu, likabeba risasi nane kwa foleni. Halafu mwaka wa 1898 akaja mkubwa wao. Huyo hubeba risasi tano tumboni, kwenye kisanduku chenye springi, na risasi zake ni nyembamba, hazina moshi. Komeo lake lina meno mawili mbele ya kulishikilia, na jino la tatu nyuma endapo yale mawili yatavunjika. Hiyo haikufa. Waliifupisha wakapigana nayo vita vya pili, na hata bunduki tulizotumia kwa ndovu wakorofi, nyingi zilikuwa na komeo la mtindo huohuo. Risasi zake zinauzwa mpaka leo.

Vita vya kwanza vilipofika kwetu, askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na ile ya sabini na moja. Wakipiga, moshi unapanda juu ya kichaka, na adui anajua pa kulenga. Baadaye meli zilipenya kizuizi cha Waingereza baharini zikawaletea mpya. Kwa hiyo ya kwako inaweza kuwa yoyote.

Ikiwa ni ya sabini na moja, itundike ukutani uvalishe na shada. Ikiwa ni ya tisini na nane, usiiguse tena. Ita polisi waje kuichukua.

Tazama pia kitako chake, upande unaowekwa shavu. Je, kuna alama imechongwa kwa kisu, mfano wa mlima na kibanda chini yake? Itazame vizuri mchana, kwenye mwanga. Pangusa kwa kitambaa kikavu, usitumie msasa, nakujua. Nieleze mlima una vilele vingapi, na mlango wa kibanda unaelekea wapi. Usisahau hilo.

Na jaribu penseli mdomoni mwa mtutu. Ikielea ni ya zamani, ikibana ni mpya.

Mwadime


Lozells, Birmingham
17 Machi 2025

Fundi mkuu wa bunduki, mheshimiwa,

Chinja kuku. Ni sabini na moja!

Jaspreet alipokwenda chuoni niliishusha mpaka jikoni, nikatandika magazeti, nikafanya kazi kama zamani. Unajua nilivyofanya kazi Longbridge miaka ishirini na sita, kabla hawajafunga kiwanda na kujenga maduka. Pale kila kipande cha gari kilikuwa na namba, na namba ile ndiyo iliyokuambia ni gari la aina gani. Bawaba elfu za gari la namna moja, namba moja zote. Basi nikapangusa skrubu: sabini na moja. Pete inayoshika mtutu: sabini na moja. Komeo: sabini na moja. Hata kibati cha chini ya kitako. Kila kipande, Mwadime! Mjerumani ni mtu wa utaratibu, ameandika umri wa bunduki mpaka kwenye matako yake.

Ubavuni kuna maandishi mengine, yana miiba kama ua wa mbuzi, yamejaa grisi. Sikuhangaika nayo. Penseli nayo niliona ni mambo ya watoto, wakati namba inaongea yenyewe.

Alama yako ipo. Mlima una vilele viwili, na mlango wa kibanda unaelekea mlimani. Nani aliyechonga? Mbona una hamu na mlango kuliko bunduki?

Ni mashine nzuri, siwezi kukuficha. Komeo bado linateleza kama siagi. Chini ya tumbo kuna kijisanduku chenye springi, nikaikandamiza kwa kidole ikaruka ikanipiga ukucha.

Sasa mpango wangu. Kings Heath kuna Mwingereza mmoja mwenye duka la nishani na vitu vya kale. Jumamosi ya tarehe 12 Aprili nitampelekea aione, aniandikie kikaratasi kwamba ni pambo, halafu mafundi wa paa wakija waikute sebuleni, juu ya picha ya Gurnam, halali kabisa. Nitaifunga kwenye blanketi, nipande basi mpaka mjini, halafu lile namba hamsini. Nani atamsumbua mzee mwenye kilemba na blanketi? Watadhani nina baridi.

Jaspreet sijamwambia. Anasomea mitihani, na usiku akiamka kunywa maji nikasikia hatua zake juu ya ngazi, najifanya nakoroma kama gari la mkaa. Ikishakuwa na kikaratasi nitamwambia tucheke wote.

Inderpal, mmiliki wa pambo


Voi
2 Aprili 2025

Inderpal,

USIENDE.

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama posta, na hapa ninapokuandikia ni kaunta ya posta, kwa kalamu yao iliyofungwa kamba.

Namba hiyo si umri. Bunduki zile zilipatanishwa kwa mkono, moja moja, na kila moja ilikuwa na namba yake mwenyewe. Vipande vidogo havikuwa na nafasi, basi walivigonga tarakimu mbili za mwisho, ili askari wakifungua bunduki kumi juu ya turubai moja wasichanganye komeo la huyu na la yule. Sabini na moja ni mwisho wa jina lake, kama mtu anayeitwa elfu tano mia mbili sabini na moja. Umesoma kidole cha mguu ukadhani umeuona uso.

Na hiyo springi iliyokupiga ukucha! Ya sabini na moja haina tumbo, Inderpal. Haina springi. Yako ni ile ya risasi tano.

Usiipandishe kwenye basi. Usiitoe nje ya mlango hata kwa blanketi kumi. Mwambie mtoto leo hii, muite polisi nyinyi wenyewe, kabla mafundi hawajawaita. Anayeita anasikilizwa. Anayekutwa ndiye anayeeleza mpaka anachoka.

Nimelipia barua hii ya haraka, lakini tarishi wa hapa unamjua. Nisipopata neno lako kufikia tarehe 11 nitapiga simu, utake usitake. Bunduki sitaitaja.

Mwadime


Lozells, Birmingham
14 Aprili 2025

Babu Mwadime, shikamoo.

Mimi ni Jaspreet. Samahani kwa Kiswahili changu. Nakisikia tangu nikiwa mdogo lakini sijawahi kukiandika. Rahmo, jirani yetu, amenisaidia maneno. Yeye alikulia Garissa.

Babu hataki kukuandikia. Anakaa tu.

Ijumaa ulipopiga simu ulisema jambo moja: mwambie babu yako kesho asipande basi. Nilikuuliza kwa nini, ukasema yeye anajua. Nikamwambia. Akafurahi sana. Akasema rafiki yangu ananionea huruma kwa magoti yangu. Kwa hiyo asubuhi akaita taksi.

Dereva anaitwa Najib, Msomali wa Nairobi. Walizungumza Kiswahili njia nzima, wakacheka. Kwenye mzunguko mmoja wa barabara gari liliyumba na blanketi likafunguka. Najib aliona mdomo wa bunduki kwenye kioo chake. Hakupiga kelele. Alizunguka mzunguko wote akarudi Lozells. Mlangoni Najib alimshika mkono Babu, akaniambia, "Dada, mzee wako amepakata jela."

Nilifungua blanketi, nikafunga mapazia. Babu alikuwa anasema ni pambo, ni pambo, ni sabini na moja. Barua yako ya haraka ilikuwa kwenye zulia, imekuja asubuhi hiyo baada ya yeye kutoka. Tuliisoma pamoja mezani, kisha na ile yako ya kwanza, yenye mambo ya penseli na ya mlango. Babu alisoma kwa sauti, na kila mstari sauti yake ikapungua.

Nilichukua penseli yangu, ile ninayosahihishia kazi za watoto. Iliingia kidogo ikabana. Nikaisukuma, ikavunjika ndani. Nilifuta grisi kwenye yale maandishi yenye miiba. Mwisho wake ni 98.

Nilipiga simu polisi mimi mwenyewe. Walikuja na magari mawili na mtaa wote ukatoka nje. Walikuwa wapole. Walimhoji Babu jikoni saa nyingi. Waliuliza nani aliileta, na Babu alisema ni yeye. Nikamwambia kwa Kiswahili, Babu, sema kweli, ni Babu Gurnam. Akanijibu, "Huyo hawezi kujitetea." Mwishoni alisema kweli. Wamechukua bunduki na wamesema tusubiri barua, na Babu asisafiri.

Leo asubuhi niliwaambia shule, kabla hawajasikia kwa mwingine. Mwalimu mkuu alisema asante kwa kuniambia. Sijui asante hiyo ni ya aina gani.

Tangu Jumamosi Babu hajafanya mzaha hata mmoja. Mimi naogopa hilo kuliko polisi. Tafadhali mwandikie kitu. Mtukane kama kawaida yenu.

Mjukuu wako,
Jaspreet


Voi
1 Mei 2025

Kalasinga mpumbavu, na Jaspreet mwanangu,

Nimeambiwa nitukane, nimeanza.

Taksi! Nakwambia usipande basi, unapanda taksi. Ningesema usiende kwa miguu ungekodi punda.

Lakini kosa la kwanza ni langu. Penseli niliiweka mstari mmoja, mwisho, kama chumvi. Alama ya kitako nikaiandikia nusu ukurasa. Niliyataka mambo yangu kuliko usalama wenu, na sikukwambia kwa nini. Sasa nasema, na mkitaka wapeni polisi jina langu na sanduku langu la posta.

Alama ile alichonga babu yangu. Mlima ni Kasigau, kwetu. Mwaka wa 1915 Waingereza waliwakusanya watu wa Kasigau, wakidai waliwaonyesha Wajerumani njia, wakawapeleka Malindi. Wengi walikufa huko kwa homa na njaa. Babu yangu alirudi bila mke na bila mtoto wake wa kwanza. Vita vilipokwisha akawa anatafuta mbuzi upande wa Maktau, akaikuta bunduki imeegemezwa kwenye mwamba, mwenyewe hayupo. Alikaa mbele yake siku nzima. Akiipeleka bomani, nani angeamini kwamba mtu wa Kasigau ameokota bunduki ya Mjerumani? Akiiacha, angeikuta mwingine wa kwao akanyongwa kwa ajili yake. Akachonga alama, ili ijulikane ilipita kwa nani, akaileta usiku kwa mtu mmoja aliyemwamini Voi, fundi wa reli mwenye kilemba. Babu yako hakuuliza. Aliipandisha kwenye paa la karakana. Babu yangu alimwomba neno moja tu, isipigwe hata risasi.

Kwa hiyo umeogopa woga uleule. Watu wawili wamekaa na chuma hicho, kila mmoja anawaza nani atamwamini. Wewe angalau una mtoto aliyepiga simu.

Mlango wa kibanda, baba alinisimulia, babu aliuelekeza mlimani ili waliobaki Malindi wajue nyumba iko upande gani. Nilitaka tu kujua kama ni kweli.

Polisi wakisema lolote, baya au jema, niandikieni.

Mwadime


Lozells, Birmingham
20 Mei 2025

Mtaita wa mawe,

Barua ya polisi ilikuja jana. Ilikaa mezani mpaka chai ikapoa, hakuna aliyetaka kuifungua. Mimi nilijifanya nimepoteza miwani. Jaspreet alinitazama, akaichukua miwani kwenye kilemba changu nilipoichomeka, akanivika kama mtoto, akafungua barua.

Hakuna mashtaka. Wameandika kwamba tuliita wenyewe, na kwamba haijapigwa muda mrefu mno. Ningependa kuwaambia haijapigwa kabisa, lakini Jaspreet amesema Babu, nyamaza, umeshinda. Shule nayo imemjibu, ataanza mwezi wa tisa. Alisoma ujumbe ule amesimama, halafu akakaa kwenye ngazi akalia, nami nikakaa ngazi ya chini yake. Tulipomaliza ikabidi anivute kuniinua, maana magoti yangu ndiyo yale yale uliyoyaonea huruma.

Mafundi wa paa wamekuja na kuondoka. Walichokuta darini ni fimbo za gofu za Gurnam. Zilikuwepo kweli.

Bunduki itayeyushwa, wanasema. Niliomba wanikatie kipande cha kitako chenye mlima. Askari wa kike akasema haiwezekani, kwa sauti ya mtu ambaye angependa iwezekane. Lakini tazama ndani ya bahasha. Siku ile tukiwasubiri polisi, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa, Jaspreet aliweka karatasi juu ya alama, akasugua na kile kipande cha penseli kilichobaki mkononi. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza kunijibu kwa Kiswahili tangu azaliwe, "Babu Mwadime aliuliza mlango." Hajui kwa nini uliuliza wakati ule. Aliona tu umeuliza.

Vilele viwili, mlango unaelekea mlimani. Baba yako alisema kweli.

Ipeleke Kasigau, uwaonyeshe. Hilo si ombi, ni haki yako.

Ombi langu ni dogo, na unanidai kulikubali. Unakumbuka birika la msimamizi, la udongo, lenye maua, ulilolipiga teke karakana ukikimbia mvua? Nani alisema ni mimi? Nani alifagia jivu la injini mwezi mzima? Nimekaa na deni hilo miaka sitini bila kukusumbua, leo naliita.

Ukikaa pale Voi, vijana wakikuuliza bunduki ile iliishia wapi na Kalasinga aliifanyia nini, waambie iliua simba mmoja, Maktau. Najua babu yako alikataza isipigwe. Mwombe radhi kwa niaba yangu. Simba mmoja tu, Mwadime. Anaweza kuwa mdogo. Anaweza hata kuwa hana meno.

Inderpal